Mkono wa Pili

"Mtu hawezi kuandika habari za mazishi yake mwenyewe," mzee alisema. "Weka nukta."

Mkaza mwana wake akaweka. Mzee alijua kwa mlio wa kalamu, maana macho yalikuwa yamemsaliti huu mwaka wa tatu. Alifundisha Agano la Kale chuoni miaka thelathini, na kitabu hiki cha wanafunzi, cha kueleza nani aliandika vitabu vya historia na kwa nini vimepangwa vile, alikianza akiona. Sasa alikuwa akikimalizia kwa macho ya mke wa mwanawe. Zilibaki kurasa mbili.

"Kwa hiyo Yoshua hakuandika kitabu cha Yoshua?"

"Labda mwanzo. Lakini anakufa, anazikwa, na kalamu bado inatembea. Samweli naye vilevile. Wazee walisema kitabu ni chake, kumbe anazikwa sura ya ishirini na tano ya kitabu cha kwanza, na hadithi ya vyote viwili haijafika nusu."

"Aliyeendeleza ni nani?"

"Mkono wa pili. Jina hatulijui vizuri."

"Si huko ndiko kudanganya, baba?"

Mzee alipapasa meza akitafuta kikombe. "Tutafika huko, karani wangu. Kwanza chai, na barua."

Mwanawe alikuwa amekwenda kufanya kazi machimboni, nchi ya mbali, na kila mwezi kulikuwa na barua. Mkaza mwana alifungua bahasha, akasoma taratibu.

"Baba, magoti yanaendeleaje? Punguza chumvi. Usikae penye upepo jioni. Na karani wako usimchoshe, hata kama aliunguza maharage."

Mzee alicheka hadi chai ikamwagika. Mwaka jana, mtu wa posta alipobisha hodi, binti huyu aliyasahau maharage jikoni mpaka nyumba ikajaa moshi, na mzee hakuacha kumtania tangu siku hiyo.

"Zamani huyu hakuwa na habari na magoti yangu," alisema akijifuta. "Barua nzima ilikuwa mpira na matope ya mgodini."

"Watu hukua, baba."

"Hukua, kweli. Hebu nisomee tena hapo pa magoti."

Alisomewa tena. Alizipenda barua hizi kuliko alivyowahi kupenda barua yoyote, na leo zilimuuma.

Jumapili iliyopita kaka yake binti alikuwa amekuja kumchukua. Mzee alikuwa amejilaza chumbani, ukuta ni mwembamba, akasikia kila neno. Shule ya kwao ilitafuta mwalimu wa kushona. Umri wake bado, kaka alisema, maisha yanampita akiwa amekaa tu; anamsubiri nani? "Nina mume," binti alijibu. "Na baba hana macho mengine." Mzee alifurahi, kisha akaona haya kwa furaha ile. Neno lake moja lingetosha kumfungulia mlango. Alijigeuza upande wa ukutani, akajifanya amelala.

"Ruthu tumweke wapi?" binti aliuliza, kalamu mkononi tena.

"Andika kwamba hapo watu hawakuelewana. Biblia zetu zimempanga na historia, baada ya Waamuzi. Waebrania wamemweka mbali na hao, kwenye fungu lao la mwisho, waliloliita Maandiko. Mke wa mwana, aliyekataa kumwacha mkwewe. Wapangaji wote walimpenda. Sidhani kama kuna aliyemuuliza mwenyewe anataka kukaa wapi."

"Hilo nalo niandike?"

"Hilo liache."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. Mzee alisikiliza ufagio, akafikiria nyumba itakavyokuwa bila mlio wa kalamu, bila mtu wa kumwambia kola yake imekunjamana. Aliogopa. Alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na tisa, na aliogopa asubuhi ya kesho.

"Lile swali lako la kudanganya," alisema. "Andika hivi. Mkono wa pili haukudanganya. Aliyeshika kalamu aliwahurumia waliobaki, akaona si haki sauti ikatike ghafla. Lakini msomaji mzoefu huuona mshono, hata mtu akishona vizuri namna gani, kwa sababu mkono wa pili una upole ambao wa kwanza haukuwa nao."

Kalamu ilikwenda polepole, ikasimama katikati ya mstari.

"Umemaliza?"

"Bado, baba." Ikaendelea. "Nimemaliza."

"Basi kitabu kimekwisha. Umebaki ukurasa wa mbele tu, wa tabaruku. Chukua karatasi safi."

Karatasi ilichakarika. Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya magoti yake.

"Kwa mwanangu, ambaye habari za kifo chake zilifika siku ya maharage," alisema, "na kwa mkewe, aliyeniandikia barua zake mwaka mzima. Weka nukta, mwanangu, kisha umwite kaka yako."