Zamu ya Ndahani

Ndahani na mkewe Mbeleje ndio waliokuwa wa kwanza kufyeka pori la Uwanda Mpya. Sheria ya huko ilikuwa moja: majirani wawili hupokezana zamu mwaka hadi mwaka, na mwenye zamu ndiye huamua kama mvua imnyeshee mwenzake. Mwaka jana jirani yao, Chiduo, alikataa katakata. Mahindi yalikauka, na kitinda mimba wao akafia mgongoni mwa mama yake.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Ndahani. Chiduo alikuja mpaka uani, akapiga magoti.

"Ndugu yangu, watoto wananifia. Ridhia tu."

"Nami nilikupigia magoti," akajibu Ndahani. "Rudi kwako ukachimbe kaburi."

Mvua ikamwagika upande wake tu. Ng'ambo ya ua vumbi lilitimka. Ndahani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mbeleje alimtengea ugali.

Binti yao Nyemo akamsogelea.

"Baba, mwakani zamu ni yao, eti?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa safari hii atakufa nani, mimi au kaka?"

Nje mvua iliendelea kunyesha. Ndahani alilishika tonge, lisiende kinywani wala kurudi sahanini.