Maswali Matatu kwa Mkwe

Mwalimu Kokubanza alikosea swali la saba kwa mara ya tatu, akaitupa kalamu kwenye kapu la ndizi.

"Mawe! Elina, huu mkondo umepotelea wapi?"

"Haujapotea, mwalimu. Umegawanyika." Elina aliokota kalamu, akachora upya betri na rezista mbili zilizokaa sambamba. "Fikiria watu wanavyotoka kanisani kwa milango miwili. Penye mlango mwembamba wanapita wachache. Lakini ukiwahesabu nje, ni wale wale."

Kokubanza akautazama mchoro, akacheka peke yake. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alifundisha hesabu katika shule ya msingi hapa Kaagya kwa miaka thelathini na moja, na Elina alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Sasa Elina alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uhandisi wa umeme. Likizo hii kila asubuhi alikuja na daftari lake la mwaka wa kwanza, akamfundisha mwalimu wake saketi.

Sababu ilikuwa Aroni.

Stellah, binti wa Kokubanza aliyefanya kazi katika ofisi moja Muleba, alikuwa ameleta habari kwamba amepata mchumba, injinia wa umeme, mwenye digrii. Mama hakushangilia. Mchumba wa kwanza wa Stellah alijiita daktari, akala kuku watatu katika nyumba hii, kumbe alikuwa muuza dawa ya kunguni. Na huyu Aroni, alipokuja mara ya kwanza kusalimia, aliombwa aitazame taa ya sebuleni iliyokuwa ikikonyeza. Akajibu kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya fundi, si ya injinia.

"Labda ni kweli," Elina alisema.

"Labda. Ndiyo maana nitampa mtihani."

Stellah alilia kwenye simu. "Mama, utaniaibisha!"

"Kama amesoma, aibu itatoka wapi?"

Wiki tatu zikaenda hivyo. Ndizi ziliungua mara mbili. Majirani walimsikia akipalilia kahawa huku akinong'ona, "Mfululizo, jumlisha. Sambamba, subiri kwanza." Jumapili moja mzee wa kanisa alikuta betri na nyaya zimechorwa nyuma ya bahasha ya sadaka, akaikunja bila kuuliza. Siku alipopata swali la kumi na mbili bila kusaidiwa, Kokubanza alisimama akacheza kidogo hapo hapo jikoni. Siku pekee ambayo hakusoma ilikuwa Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi Elina alikwenda Muleba kwa shangazi yake.

Jumatano ya mwisho alichagua maswali matatu, akayaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Elina aliomba kuyapitia majibu. "Usije ukamsahihisha mtu vibaya, mwalimu."

Kokubanza aliona ni busara. Kisha akayatia kwenye bahasha, akaigundisha, akaisukuma chini ya godoro. Katika miaka thelathini na moja hakuna mtihani wake uliowahi kuvuja, na hakukusudia kuanza sasa.

Jumamosi Aroni alifika akiwa na mshenga wake, Mzee Rutashobya. Suti ilimkaa vizuri, jasho pia. Kahawa ya kutafuna ilipozunguka, na wajomba wa Stellah walipokwisha kuuliza habari za mvua, Kokubanza aliichana bahasha mbele ya watu wote.

Mzee Rutashobya akakohoa. "Mama, tumekuja kuposa au kuomba kazi?"

"Vyote viwili. Aroni, mwanangu, chukua kalamu. Betri ni ya volti kumi na nane. Kuna rezista ya omu nne, halafu mbili zilizo sambamba, moja ya omu sita, nyingine ya omu tatu. Kwenye ile ya omu tatu unapita mkondo kiasi gani?"

Stellah alifumba macho.

"Ampea mbili," Aroni alisema. "Na kwenye ile ya omu sita, ampea moja."

Wajomba walipiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Kokubanza aliangalia karatasi yake, akaweka alama ya vema. Swali la pili, kijana alianza kuandika kabla mama hajamaliza kuchora. La tatu, ambalo lilimtesa Kokubanza mwenyewe siku nne, alilijibu kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Kokubanza aliiweka karatasi chini. Kumbe wiki tatu zote alikuwa akimtegea mtego mtoto wa watu, msomi mpole kama huyu! Aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekudhania vibaya."

"Hakuna neno, mama. Mwalimu ni mwalimu."

Stellah alilia tena, safari hii kwa sauti nzuri. Mzee Rutashobya aliomba kahawa zaidi. Kokubanza mwenyewe aliamuru kuku wawili wachinjwe, kisha akasema watatu, akachukua kisu na kuzunguka nyuma ya jiko kukata majani ya migomba ya kufunikia chakula. Alikuwa bado anatabasamu aliposikia mtu akizungumza na simu kwa sauti ya chini, upande wa pili wa mgomba.

"Elina, Mungu akubariki," Aroni alikuwa akisema. "Yametoka yote matatu, tena kwa mpangilio ule ule. Sasa nisaidie kitu kimoja tu kabla sijarudi ndani, maana mjomba mmoja ameniuliza: hiyo omu ni nini?"