Baba Amesahau Kuchuja Kahawa

Mwalimu mstaafu alimimina maji ya moto juu ya unga wa kahawa, akauacha uumuke, kisha akamalizia kidogo kidogo. Kahawa ikachuruzika kikombeni, nyeusi, safi. Ndipo akampigia simu bintiye aliyeolewa mbali.

"Mwanangu, hii ya kuchuja kwa karatasi imenishinda tena."

"Baba! Mwalimu mzima? Wiki jana ya kitambaa, juzi ya sufuria, leo karatasi?"

"Uzee, mama. Kichwa changu siku hizi ni chujio, hakishiki kitu."

Binti akacheka. Tangu mama yake azikwe, hicho ndicho kicheko pekee kilichoingia nyumba ile.

"Haya, washa kamera nione unapokosea."

Hilo hakulitarajia. Akasitasita, akabonyeza. Picha ikafunguka: meza, kiti kimoja, na kikombe kimejaa, kinafuka mvuke.

Binti akakitazama kile kikombe. Mzee akahisi uso unamwaka kama mwanafunzi aliyeshikwa akiibia mtihani.

"Kunywa hiyo kwanza, Baba," binti akasema mwishowe. "Ukimaliza tutachemsha maji mengine. Leo sina haraka."