Maji ya Kuoshea Paneli

Sikudhani alimaliza kuosha paneli za jua, akachovya kanga yake kwenye ndoo ya maji safi, akajifunga juu ya gauni huku ikichuruzika. Kisima walichochotea maji wanakijiji tangu enzi za bibi yake sasa kilikuwa ndani ya uzio, na maji yake yalikuwa ya paneli tu. Umeme wenyewe ulipita juu ya mapaa yao, ukaenda zake mbali.

Getini alisimama Chande, mtoto wa dada yake, amevaa sare ya ulinzi.

"Mama mdogo, kamua hiyo kanga."

"Nampelekea bibi yako, Chande. Tangu jana hajanywa hata uji."

"Najua. Kamera inatuona."

Sikudhani akaifungua. Akajaribu kuikamua peke yake, ikamshinda. Chande akashika ncha ya pili, wakaisokota kila mtu upande wake, kama walivyokuwa wakikamua mablanketi pale kisimani Chande alipokuwa mdogo. Maji yakamwagika miguuni mwao.

"Bado," Chande alisema, midomo imemkauka. "Tukamue tena."

Kuku wa mtu akapenya chini ya geti, akaanza kudonoa matope kabla hayajakauka.