Kikohozi cha Baba Rukia

Tangu ipite sheria ya ukimya, iliyokataza sauti ya mtu kusikika kwa jirani, hakuna aliyezungumza nyumbani kwa masikio matupu. Kila meza ilikuwa na kisanduku cha kukuza sauti, na kila mtu alivaa hedifoni zake. Neno likitoka kinywani liliingia kisandukuni kupitia maikrofoni ya hedifoni, likageuzwa tarakimu, likasafishwa, likarudi masikioni tamu kama la mtangazaji wa redio.

Mama Rukia alikipenda kisanduku chao. Kilimrudishia mumewe sauti ya enzi za uchumba. Kila asubuhi alimwuliza, "Umeamkaje?" na sauti ile ikamjibu, "Salama tu, Mama Rukia."

Leo, alipokuwa akimimina chai, waya ulinasa kwenye mkono wa birika na hedifoni zikamchomoka. Mbele yake Baba Rukia alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Siku zote alidhani hivyo ndivyo mumewe anavyocheka uzeeni, na mara nyingi alicheka naye. Sasa akakisikia kikohozi, kizito, kinachokwaruza tangu kifuani.

"Baba Rukia, umeanza lini kukohoa?"

Mumewe hakusikia. Akamwonyesha kwa kidole hedifoni zilizoanguka, akiwaogopa majirani.

Mama Rukia akaziokota, akavaa upande mmoja tu, akauliza tena.

"Vumbi hilo, mke wangu. Mimi salama tu."

Sikio moja lilimsikia kijana aliyemposa. La pili lilimsikia mzee akitafuta pumzi ya kumalizia neno.