Radhi ya Safari ya Makka

Bei ya mafuta iliyopanda jana iliporomoka jioni, ikaziburuta hisa za kampuni inayokodisha mitambo ya kuchimba visima vya mafuta. Feisal aliketi barazani kwao, kijijini Bongwe, akibonyeza “Uza” kwenye simu. Kidole kilimtoka jasho, kioo hakikusikia.

Hisa hizo alizinunua kwa nauli ya Makka, ambayo mamake alimpa amwekee.

Mama alirudi kutoka kwa majirani. Kutwa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kama afanyavyo kila mwenye safari ile. Mwanawe alimweka wa mwisho.

“Babangu, kama nimekukosea, nisamehe.”

“Nimekusamehe, mama.”

Mama hakuondoka.

“Na wewe je? Huna la kuniomba radhi?”

Feisal alikifuta kioo kwa kikoi, akampa simu aone nauli yake ilipoishia.