Nani Kaigusa Darubini?

Nyota ilikimbia tena.

Fundi Miwani aliiona ikiteleza polepole kutoka katikati ya kioo, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Akatoa jicho kwenye darubini, akaketi palepale juu ya paa, mgongo kwenye tangi la maji. Giza ndiyo kwanza limeingia, na kutwa nzima alikuwa dukani akipima macho ya watu. Hakuwa na nguvu hata ya kutukana.

Darubini ile ilitaka kitu kimoja tu. Nguzo yake ina mhimili, na mhimili lazima uelekee palepale anga lote linapozungukia. Ukiulenga sawasawa, darubini inaifuata nyota usiku kucha. Ukipinda hata kidogo tu, nyota inakuponyoka. Yeye aliulenga, akakaza skrubu, akaenda kulala na raha zake. Wiki haikuisha, ukapinda. Akaulenga upya. Ukapinda tena, na kila mara upande uleule: upande wa kamba za nguo.

Na nani anayeanika nguo huko kila siku? Mama mkwe.

"Mimi?" mama mkwe alimjibu, beseni kiunoni. "Nyumba yenyewe mlango wa choo haufungi, mtu anajisaidia huku kauzuia kwa mguu. Hilo hamlioni. Mnaona shuka zangu!"

Maneno yakashuka ngazi mpaka ghorofa ya chini kwa Mama Redio, na yakifika kwa Mama Redio yamefika kwa wote. Jioni ileile jengo zima lilijua kwamba Fundi Miwani kamgombeza mzazi wa mkewe kwa ajili ya bomba la kuchungulia nyota. Wengine walisema si nyota anazochungulia.

Mkewe hakucheka. "Mama akiondoka, naondoka naye," alisema, akaendelea kukunja nguo. Begi la mama lilishasimama mlangoni.

Basi wakapatana. Mhimili utalengwa mara ya mwisho na paa lifungwe wiki nzima. Usipopinda, mkosaji ni mama, na atakubali mwenyewe. Ukipinda, Fundi Miwani ataomba radhi mbele ya majirani wote, Mama Redio kiti cha mbele.

Aliitwa mwashi, nguzo ikamiminiwa zege. Skrubu zikapakwa rangi, ili atakayezigusa ajulikane. Mlango wa paa ukatiwa kufuli jipya, na ufunguo Fundi Miwani akauvaa shingoni. Wanawake wakaanika madirishani, wakimsindikiza kwa maneno kila apitapo: "Bwana Nyota, na hewa utaifungia lini?" Mwashi naye, akishuka na ndoo yake, alisimama kwenye ngazi kutazama ufa ambao ulishazibwa mara mbili. "Mafundi wa siku hizi," akasema, akaenda zake.

Na sasa wiki imeisha, na nyota imekimbia.

Fundi Miwani alijivuta akasimama, akawasha tochi. Kufuli zima. Zege halina mkwaruzo. Rangi kwenye skrubu ilikuwa kama ilivyopakwa. Akachungulia tena kwenye mhimili, taratibu, kama anavyowapima wateja wabishi. Umepinda, upande uleule, na safari hii kuliko zote. Akawaza aibu inayomsubiri huko chini, akahema.

Kisha akageuka. Akatazama tangi, akatazama ukuta, akatazama nguzo za kamba. Vyote vilikuwa vimesimama sambamba na darubini, kama alivyoviacha.

Tochi ikamponyoka. Hakurudi kuiokota.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, mikono kifuani, amejiandaa. Alipomwona anaingia mbio, jasho linamtoka, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Enhe, baba. Nani kaigusa?"

"Hakuna aliyeigusa, mama. Nisamehe," alisema, tayari amemshika mkono. "Mwite mwanao, msibebe kitu, tushuke tukigonga kila mlango: ni jengo linaloinama."